Bangili Nne za Hafswa

Hafswa binti Abdulqadir, mpambaji wa maharusi mtaa wa Shela, Malindi, alirithi kwa mamake kidani cha dhahabu na bangili sita nzito. Mamake alizoea kumwambia kwamba dhahabu haiozi wala haifi na ukame. Hafswa aliikodisha kwa maharusi, na kila harusi alikaa karibu na jukwaa, biriani ikipoa mbele yake, macho hayabanduki kwa bi harusi.

Mwaka jana, harusini Kikambala, bangili moja ikatoweka. Hafswa alisimama mlangoni akitazama mikono ya kila mwanamke aliyetoka, huku akijionea haya. Kumbe ilikuwa ikimbana bi harusi, akaivua akampa nyanyake, naye akaifunga kwenye pindo la leso. Nyanya huyo aliirudisha kwa tabasamu.

Kesho yake alimwendea kakake Mahadhi, mwalimu wa madrasa.

"Uza, ununue kiwanja," Mahadhi akamwambia. "Ardhi haifungwi kwenye leso."

"Na zile hati fungani za serikali anazozisifu jirani yangu Hadiya?"

"Zina riba. Utalala wewe?"

Basi dalali akawapeleka Dabaso. Kiwanja kilikuwa kizuri, ila katikati palikuwa na muhogo, na mwanamke aitwaye Nyevu akipalilia.

"Nawe waja kununua?" Nyevu aliuliza baada ya salamu.

"Nimekuja kutazama tu, mamangu."

"Tazama. Wengine wawili wameshaletwa. Baba mkwe wangu kazikwa pale penye mkorosho."

Dalali akaanza kueleza habari za hatimiliki. Hafswa alikuwa ameshageuka kurudi garini.

Ndipo akaenda kwa Mzee Salman, sonara. Mzee akapima, na bei aliyoitaja ikamtoa Hafswa jasho. Hakudhani mamake alikuwa amevaa mali kiasi hicho akikuna nazi.

"Niuze, au ningoje ipande zaidi?"

"Yaweza kupanda, binti yangu. Yaweza kushuka. Mimi naijua mizani tu."

Aliuza bangili nne. Kwa fedha hizo alijenga vyumba viwili vya kupangisha uani kwao, kwenye ardhi ambayo makaburi yake anayajua. Kidani na bangili zilizosalia akaviweka, hakodishi tena.

Mahadhi alidhani dadake sasa atatulia. Lakini mvua ya masika ilivujisha paa, Hafswa akawa anapanda ngazi mwenyewe kukagua misumari. Na kila akienda sokoni hupitia kwa sonara kuuliza bei. Imepanda tena.

Juzi alimwomba Mzee Salman amwonyeshe bangili nyepesi, ya bei nafuu. Akaivaa, akaivua. Akaivaa tena, akaupeleka mkono dirishani kwenye mwanga.

"Niwekee hii mpaka Ijumaa," akasema, kisha akatoka. Kabla ya kufika kona akarudi kumwambia asiiweke.