Braseleti ya Yama

Nilirithi familia nzima kwa sababu nilitaka kuona kama braseleti inafaa kwenye saa yangu. Ujinga ni wangu mwenyewe, na nausema mapema ili msinicheke mara mbili.

Marehemu baba aliniachia saa ya zamani, zile kronografu zenye vidude viwili vya kubonyeza ubavuni na visaa vidogo ndani ya saa kubwa, lakini braseleti yake ya asili ilishapotea, kwa hiyo nikawa naivaa na kipande cha mpira wa baiskeli (mke wangu alisema nafanana na pampu). Mimi ni mtu wa nyumbani, hapa Nchelenge hata sokoni naenda kwa kusukumwa, basi jioni nakaa na simu natazama picha za saa kama yangu, mpaka nikaijua kwa kichwa namba inayogongwa nyuma ya ncha za braseleti yake, maana namba isipokuwa ile, ncha hazikumbatii saa, zinacheza kama jino la mzee.

Sasa Yama (ndivyo tunavyomwita mjomba), kaka ya mama, mvuvi wa Mununga, alikuwa na saa kama ile. Saa ilikufa, akabaki na braseleti, akaunganisha ncha kwa waya akawa anaivaa tupu.

Yama akafariki. Kwetu, mupwa anayevaa kitu cha mkononi cha mjomba wake ndiye anayerithi jina, na mjane na watoto wanakuwa wake kuwatunza. Hayo nayajua tangu utoto. Siku ya kurithisha, braseleti ikawekwa ndani ya ungo mbele ya ukoo na mchungaji, na wapwa wakubwa wakawa wanatazama vidole vya miguu, juu watoto ni wengi na mtumbwi unavuja. Mimi nilikuwa natazama ncha. Nikasogea, nikaisoma namba, ni yenyewe, nikasema moyoni nipime tu, nikaivalisha juu ya saa yangu, waya ukapita juu ya kioo, ncha zikakaa sawasawa, nikafunga kibano.

Vigelegele.

"Amejichagua mwenyewe," mama mukubwa alisema, akinimwagia unga wa kurithisha kichwani.

"Mama mukubwa, nilikuwa napima."

"Basi imekutosha."

Nikavuta kibano, hakifunguki (magamba ya samaki ya miaka mingi yalikuwa humo), nikavuta tena, mchungaji akanishika kiwiko, mama wadogo wakaitisha mafuta ya kupikia, na ukoo mzima ukaona mtu mzima mwenye unga kichwani anapigana na mkono wake.

Mjane akanitazama. "Huyu? Hata mutumbwi anaogopa."

Alisema kweli. Nilikuwa nimefungua mdomo kukataa, lakini kasichana ka mwisho ka Yama kakaja, kakakaa mapajani mwangu kana kwamba jambo limekwisha, kakaanza kuchezea vile vidude viwili. Nikaacha kuvuta.

Mafuta yalipofika braseleti ilitoka. Jina lilibaki.

Siku hizi nikiona braseleti ya asili naisoma mikono ikiwa mgongoni. Ile ya Yama nimeifunga kwenye saa, inakaa vizuri mno, na nyumbani hakuna pa kuweka mguu. Jirani yangu, Ba Chanda, alikuja kuitazama, akaigeuza huku na huku, akaiweka sikioni, kisha akawaangalia wale waliojaa kwenye mkeka.

"Batoto bote hawa juu ya saa," alisema, "na saa yenyewe haitembei."