Amri ya Kimya Nyumbani kwa Meinrad

Katika nyumba ya Meinrad mtu hakusema wakati wa kula, wala hakusema akiwa na jembe mkononi. Amri hiyo aliiweka mwenyewe, na aliilinda kwa fimbo.

Alikuwa mkulima wa kahawa katika kijiji cha Ruanda, kwenye milima ya Wamatengo kusini mwa Tanganyika, miaka ile ya Mwingereza baada ya vita vya pili vya dunia. Hakuwa mlevi, hakuwa mvivu, wala hakukosa misa. Watu wa namna hii ni vigumu kuwaonya, kwa kuwa kila anayewakaribia huanza kwa kuwasifu. Ujanani alisoma bweni kwa mapadri, ambako wanafunzi walikula kimya huku mmoja akiwasomea maisha ya watakatifu. Kimya kile kilikuwa na kazi yake. Meinrad alichukua kimya, kazi yake akaiacha huko huko.

Kabla ya amri hiyo aliishi kama wenzake. Jioni kila mke wa ukoo alibeba chungu chake hadi uwanjani kwa Mzee Tadei, baba yake Meinrad. Mlo huo wa pamoja waliuita sengu. Wanaume walizunguka ugali wao, wanawake na watoto wakazunguka wao, na kabla ya kutawanyika kila mtu alisimulia aliyoyaona mchana: nyani kwenye mahindi, mgeni njiani, mtoto anayetokwa na usaha sikioni. Bibi Kunigunda, mama yake Meinrad, alikuwa akimvuta Luisa, binti pekee wa Meinrad, na kumwuliza, "Haya, mke mwenzangu, leo umeona nini? Usinifiche."

"Nimemwona mume wetu amelala kwenye kahawa, mdomo wazi," Luisa alijibu siku moja. "Nzi wanaingia na kutoka."

Uwanja mzima ulicheka, na Mzee Tadei, mume mwenyewe aliyesemwa, alicheka kuliko wote.

Kahawa ilipoleta fedha, Meinrad alijenga nyumba ya matofali na mabati, akanunua meza. Jioni moja akaja uwanjani, na mkewe Teodora hakuwa nyuma yake na chungu.

"Shikamoo, Baba. Kuanzia leo nyumba yangu itakula kwake."

"Marahaba. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Mke wangu anapika, wanaokula ni watu waliolala mchana kutwa. Na porojo hizi hazijapalilia shamba la mtu."

"Mwache, Baba," akasema Raimundi, mdogo wake. "Akale na mabati yake. Ila bati, kaka, halitakuuliza umeamkaje."

Mzee Tadei hakutabasamu. "Ugali utaupata popote, mwanangu. Hapa tunakuja kuangaliana."

Meinrad akaondoka. Tangu siku hiyo Luisa alikatazwa kukanyaga uwanja wa babu yake. Mlimani, mama na binti walichimba ngolo, yale mashimo yanayozuia mvua isibebe udongo wa shamba, bila kutamka neno, huku ng'ambo ya bonde wanawake wengine wakichimba kwa nyimbo na matani. Mwanzoni Teodora alinong'ona na mwanawe jikoni. Baadaye hata hilo likakoma. Mtu akizoea kukaa kimya mbele ya mmoja, hujikuta kimya mbele ya wote. Mezani ulisikika mlio wa vijiko tu, na Meinrad aliuita mlio huo adabu.

Mwaka uliofuata, msimu wa kuvuna maharage, Luisa alishindwa kuvumilia. Alitoroka shambani akashika njia ya kwa bibi yake. Kabla hajafika, mbwa asiye na mwenyewe alitoka vichakani, akamng'ata mkono. Mtoto akageuka kurudi nyumbani, akanawa kijitoni, akafunga kidonda kwa kitambaa. Jioni, mezani, alijikaza.

"Baba, leo njiani..."

Meinrad aliinua kidole. Luisa akameza tonge pamoja na maneno yake. Teodora aliona kitambaa, akauliza kwa macho tu.

"Mwiba, Mama," mtoto akanong'ona. Mama hakuuliza zaidi.

Jioni hiyo hiyo, kwenye uwanja wa Mzee Tadei, mtoto wa Raimundi aitwaye Kilian alisimulia kwamba kuna mbwa aliyemng'ata mguu, anatokwa mate na anayumba. Watu walijua ni kichaa cha mbwa, wakainuka pale pale. Mbwa akasakwa na kuuawa, na kabla ya jua kupanda Kilian alikuwa mgongoni mwa baba yake, safarini kwenda hospitali ya misheni. Alichomwa sindano tumboni mpaka zikamalizika, akarudi analalamika kwamba chakula cha kule hakina chumvi. Wazee walipita nyumba zilizokuwa zikileta chungu, wakikagua watoto. Kwa Meinrad hawakupita. Walikuwa wamechoka kufungiwa mlango, na hapo nao walikosa.

Wiki chache zikapita. Luisa alianza kujikuna kovu, kisha akashikwa na homa, kisha akakataa maji.

"Kunywa!" Meinrad alifoka, akidhani ni ukaidi. Kikombe kilipokaribia, koo la mtoto lilikakamaa, akapiga kelele. Teodora akatoka mbio kumwita Bibi Kunigunda.

Bibi alikuta mtoto anatetemeka kwa upepo mdogo wa mlangoni. Akaushika mkono wenye kovu.

"Mke mwenzangu, ni mbwa?"

Luisa alimtazama baba yake kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Ni mbwa, Bibi. Nilikuwa nakuja kwako."

Walimbeba kwa machela, Meinrad mbele na Raimundi nyuma. Mganga wa hospitali alimtazama, akasema kama angeletwa siku alipong'atwa angepona, sasa hakuna dawa. Luisa alikufa kesho yake, akiwa amefungwa kitandani asijiumize.

Sindano zilikuwepo, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa wazi kwake kama ilivyokuwa kwa Kilian. Luisa alikuwa na miaka minane. Amri yake mwenyewe ilimgharimu Meinrad mtoto huyo, na hakupata mwingine.