Geji Sita, Mili Sita

Mama aliyenipigia simu kutoka Kikoneni aliniuliza kwanza habari za nyumbani, za kazi, na za goti langu lililokuwa likinisumbua tangu mwezi wa Ramadhani. Nilipokwisha kumjibu zote ndipo akaniambia kwamba mayai yake yalikuwa yanapoa. Mwanawe aliwahi kusoma kwangu ufundi wa umeme hapa Msambweni, na namba yangu ilikuwa imebaki kwenye simu yake.

Mayai yalikuwa mia moja na ishirini, ndani ya mashine ya kuangulia, na yalikuwa yamefika siku ya kumi na nane. Kifaranga hutoka siku ya ishirini na moja. Mara ya kwanza alipojaribu, miezi michache nyuma, yaliharibika yote.

"Na haya yakifa, mwalimu, sitajaribu tena," alisema, kwa sauti ile ile aliyoniulizia goti.

Nilipofika Kikoneni nilimkuta na fundi wake, mtu wa makamo kutoka bara aliyeajiriwa kwenye hoteli moja ya Diani na aliyefanya kazi za watu siku zake za mapumziko. Alinisalimu shikamoo, ingawa huenda tumepishana miaka minane tu, nikaitika marahaba. Kazi yake ilikuwa safi. Nalisema hili mapema kwa sababu wanafunzi wangu hudhani makosa hufanywa na watu wazembe. Waya ulikuwa umenyooka ukutani, vibanio vimepangwa kwa vipimo, skrubu zimekazwa.

Nyumba ile haina umeme wa laini. Kaka yake mama, anayeishi Marekani, alimletea mashine ya kuangulia pamoja na inveta yake, kile chombo kinachochukua umeme wa betri na kuufanya wa kuendeshea vyombo vya nyumbani. Betri ilikaa barazani, inveta chumbani, na kati yao kulikuwa na hatua chache za waya mpya, aliouvuta fundi jana yake. Kila hita ya mashine ilipowaka, inveta ililia kidogo kisha ikajizima. Nikaushika ule waya. Ulikuwa na joto la kikombe cha chai: shaba ilikuwa haitoshi, na umeme ulipotelea humo njiani.

Nikamwomba fundi kitabu cha inveta. Alikifungua pale pale palipotakiwa, akaniwekea kidole. Palikuwa na namba moja, sita, na mbele yake herufi tatu, AWG, ambazo hakuzitilia maanani.

"Kimesema sita, nimeweka mili sita," alisema. "Au sita ya Marekani ni ndogo kuliko yetu?"

"Ni kubwa. Sita yao inapita kumi na tatu yetu."

Akanitazama, akingoja nicheke. Sikucheka; nikaketi naye tukaanza mwanzo. Sisi tunaposema waya wa mili sita, twapima uso wa shaba pale unapokatwa: milimita sita za mraba. Namba ikikua, shaba imekua. Wao wanatumia geji, ndiyo maana ya zile herufi tatu, na geji ilianza kama hesabu ya kuvuta. Shaba nene ilipitishwa kwenye tundu, ikavutwa, ikapungua. Ikapitishwa kwenye tundu dogo zaidi, ikapungua tena. Waya uliovutwa mara nyingi ni mwembamba, na namba yake ni kubwa.

"Kwa hiyo geji kumi na sita ni nyembamba kuliko geji sita?"

"Nyembamba sana."

"Basi hawa wanahesabu kinyumenyume."

Mama alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Fundi, kwani wewe hujaezeka nyumba?" aliuliza. "Mabati ya geji thelathini si ndiyo yanayopeperuka na upepo? Ya ishirini na nane ndiyo yanayokaa."

"Mimi nimepanga, mama."

"Ndiyo maana."

Fundi akacheka, na nikaona kwamba amelishika. Nimefundisha somo hili miaka mingi kwa kuchora matundu ubaoni, na haikuwahi kunijia kusema mabati. Siku hizi hapo ndipo ninapoanzia.

Nikampa na njia ninayoitumia mwenyewe nisipokuwa na jedwali. Kumbuka geji kumi ni kama milimita tano za mraba. Ukishuka namba tatu, shaba inakuwa maradufu: geji saba, kumi na kitu. Shuka moja tena, geji sita, kumi na tatu na ushei. Kwetu waya wa kumi na tatu hauuzwi, hivyo unachukua wa kumi na sita, unaofuata kwa juu.

Wa kumi na sita haukuwapo Kikoneni; ungepatikana Ukunda, labda, na mayai yalikuwa yanapoa. Fundi ndiye aliyetazama roli ya waya uliobaki. Aliuliza iwapo sita mbili pamoja zingetosha. Nikamwambia azijumlishe. Kumi na mbili, alisema, haifiki. Akakata tatu tatu, kwa chanya na kwa hasi, zenye urefu mmoja, akazifunga pamoja kila upande chini ya nati yake. Kumi na nane. Hita ikawaka, na inveta haikulia wala kujizima. Tulikaa nusu saa tukizishika nyaya kila baada ya muda. Zilibaki baridi.

Mama hakutushukuru bado. Alifunga dirisha kwa leso, akatoa yai moja, akaliweka juu ya tochi ya simu. Ndani kulikuwa na kivuli kikubwa, kimetulia. Akangoja. Kivuli kikasogea kidogo. Akalirudisha, akachukua la pili, akangoja sana, akaliweka kando. Fundi alilitazama lile lililowekwa kando.

Siku ya ishirini na moja alinipigia. Hakuuliza habari za goti. Alisema wametoka sabini na mmoja na wengine wanalia ndani ya maganda, na kwamba fundi ameshampigia mara tatu tangu alfajiri.