Kikapu cha Makala, Jua Likizimika

Harufu ya makala, makaa kama mnavyosema ninyi, yanayoanza kushika moto hunirudisha Butembo, kwenye mbabula ya mama, jiko lake dogo la bati lililokuwa likikohoa moshi kila asubuhi. Wengine wakiinusa husikia njaa. Mimi husikia aibu, na nitawaambia kwa nini, mradi yaishie hapa kwetu.

Nilikuwa na miaka tisa, wakati ule wa vita. Mwalimu wetu, Kambale, alileta mbabula darasani kutufundisha habari za nyota. Vumbi na hewa hukusanyika angani, alisema, hujibana, hupata joto, mpaka siku moja moto unashika. Kisha nyota huwaka miaka na miaka kwa kujila yenyewe.

"Ikianza kumaliza makala yake, inavimba, inakuwa nyekundu," alisema akichochea, akichanganya na Kifaransa chake cha shule. "Kisha inabakia kipande kidogo tu, nyeupe, inapoa polepole. Donc, imekufa."

"Na jua, Mwalimu?" nikauliza.

"Hata jua ni nyota. Mais musiogope, iko mbali sana." Akaandika ubaoni miaka iliyobaki: tano, akaongeza sifuri, akaongeza tena, mpaka chaki ikavunjika.

Hapo ndipo aliponitisha. Nyumbani kwetu neno "mbali" lilikuwa na historia. Ijumaa moja baba alisema askari bado wako mbali, wako kule Kayna, tuendelee kula. Jumatatu tulikuwa kwenye njia ya Vuhovi, tunakimbia, mimi nimevaa sketi ya shule juu ya gauni la Jumapili, kaka yangu ana kiatu kimoja. Mara ya pili ikawa vilevile. Kwa hesabu yangu, "mbali" ilikuwa siku tatu. Jua lilikuwa "mbali sana", basi tuseme nne.

Mama alipenda kusema akiba haiozi, nami nilikuwa mtoto mtiifu. Kila nikitoka shule nilichota makala kwenye gunia lake, nikayaficha ndani ya kikapu chini ya kitanda, pamoja na kiberiti na sweta zetu. Siku ya tatu mama alikuta gunia tupu na maharagwe bado mabichi. Akafuata nyayo nyeusi mpaka kitandani, akaniita kwa jina.

"Masika, makala yangu inafanya nini huku?"

"Jua itazima, mama. Nilituwekea."

"Nani alisema?"

"Mwalimu. Alisema iko mbali sana."

Nilisubiri kofi. Mama alifungua mdomo anicheke, akaufunga. Akaketi kitandani, akatazama dirishani. "Alisema mbali," akarudia polepole. Kisha akachota makala ya kupikia siku ile, na kikapu akakirudisha chini ya kitanda kwa mguu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilikuwa nimemshawishi, na nilijivuna sana. Sasa nina wanangu, na najua mama hakuwa akiwaza jua pale kitandani. Wiki chache baadaye askari walisogea tena. Baba alipoanza kusema bado wako mbali, mama akamkatiza.

"Batoto, wako karibu. Kesho tunaenda Vuhovi. Kila mutu avae viatu mbili."

Niliogopa, lakini kwa mara ya kwanza nilipata muda wa kufunga kamba za viatu vyangu. Mama alikibeba kikapu changu kichwani. Kule Vuhovi mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, na maharagwe yaliyoiva jioni ile, juu ya makala yangu makavu, yalikuwa yetu tu, tukawagawia majirani.