Wanne kwa Arobaini

Kiwandani walimwita Mama Bendeji. Ndiye aliyetunza sanduku la huduma ya kwanza na daftari la walioumia, na walimtania kwamba hata ukimlalamikia mshahara atakufunga bendeji. Alicheka nao. Lakini akishikilia jambo, hang'oki.

Mwaka ule shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliwekwa kwenye msumeno wa meza usio na kinga. Fundi aliyemtangulia aliacha pale vidole viwili. Mama Bendeji alimfuata meneja mara tatu kuomba kinga ifungwe, na mara zote tatu akaambiwa asiwatie watu kiwewe, kwani kiwanda chao cha samani ndicho salama kuliko vyote mtaani.

Siku mkaguzi wa usalama kazini alipokuja, meneja alikuwa ameandaa ubao. Walioumia kiwanda cha vyuma, kumi na wanane. Cha plastiki, tisa. Cha samani, wanne tu. Akausoma kwa madaha, utadhani yeye ndiye aliyewafunga majeraha.

Hapo Mama Bendeji alichoka. Akasimama katikati ya wenzake.

"Kwenye vyuma wako mia sita," alisema. "Sisi tuko arobaini. Katika kila watu mia, kule wanaumia watatu, hapa kumi. Na hao wanne ni waliolazwa tu. Niliowafunga wakarudi mashineni siku ile ile wamo humu."

Akainua daftari. Meneja, uso umemwiva, akamwambia akilitoa, kesho asije.

"Nitakuja," alisema. "Tena mapema."

Akamkabidhi mkaguzi. Mkaguzi alianza kusoma amesimama, kisha akaomba kiti. Alihesabu ishirini na saba. Kabla ya kuondoka aliuzima msumeno, akaifunga swichi kwa lakiri, akaandika usiwashwe mpaka uwe na kinga.

Asubuhi Mama Bendeji aliamka na hofu, maana kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba. Hata hivyo saa kumi na mbili na nusu alikuwa getini. Mlinzi alikuwa ameagizwa amzuie. Alimtazama kidogo, akafungua geti kwa mkono wenye kovu.

"Pita, mama," alisema. "Hata mimi nimo kwenye daftari."

Ndani, shemeji yake alikuwa ameketi juu ya mbao, vidole vyote kumi mapajani, akingoja kinga.