Sahani Iliyojizungusha Yenyewe

Mwezi uliopita nilifungua kifurushi mezani kwa Mama, mtaa wa Castle Vale, na kabla sijaona kilichomo pua yangu ilishakijua. Yalikuwa mafuta ya mashine, yale mepesi ya Baba, yamechanganyika na harufu ya kitenge kilichokaa kabatini miaka mingi. Ndani ya karatasi mlikuwa na kifuko cha njano chenye samaki wa buluu, kimefungwa kwa uzi. Nilikitikisa sikioni, kikalia tak. Hapo hapo nikawa tena na miaka tisa, na aibu ikanipanda hadi masikioni, maana aibu ile nilijitafutia mwenyewe, kanisani, mbele ya watu wote.

Niwaeleze kwanza kilichokuwa kikilia. Tulitoka Uvira, Kongo, mimi nikiwa bado mgongoni. Hapa Birmingham, Baba, ambaye ni fundi wa chuma, alipata kazi kwenye karakana ya kukereza vyuma. Mzee mmoja Mzungu wa pale kazini, Bwana Ken, alipenda kulenga shabaha za karatasi kila Jumamosi, na risasi zake alizijaza upya mwenyewe kwa mashine kuukuu ya kijani. Mashine hiyo ina sahani ya chuma, na juu yake maganda matupu ya risasi husimama kwa duara. Ukivuta mkono wake, ganda moja linapata kiwashio kipya, la pili linapata baruti, la tatu linapata kichwa. Kisha unaizungusha sahani kwa kidole ili kila ganda lisogee hatua moja, ndipo unavuta tena. Mashine za siku hizi hujizungusha zenyewe. Zile za zamani zinakutegemea wewe ukumbuke, na wenyewe wanazipenda vivyo hivyo, hawataki kusikia habari ya kununua mpya.

Bwana Ken alimuuliza Baba kama angeweza kuifundisha ile ya kwake kujizungusha. Masikini, hakujua anamuuliza nani. Baba alihamia na ile mashine kwenye kibanda chetu cha nyuma ya nyumba. Kila jioni alikereza gurudumu la meno, springi na kidole kidogo cha chuma, akavitupa, akaanza upya. Mimi nilikuwa mkaguzi mkuu, cheo nilichojipa mwenyewe, na mshahara wangu ulikuwa biskuti. Siku kile kifaa kilipokubali, Baba alivuta mkono wa mashine, sahani ikasema tak na kusogea hatua moja bila kuguswa. Alicheka peke yake kama mwehu. Baada ya mwezi mmoja, marafiki wa Bwana Ken nao walikitaka.

Tatizo lilikuwa Mama. Nyumbani kwetu neno risasi halikutamkwa. Novemba, wenyeji wanapolipua fataki zao, Mama alifunga madirisha, akawasha cherehani yake na kushona kwa kasi mpaka kelele ziishe. Kwa hiyo Baba alipoulizwa anatengeneza nini, alijibu kwamba ni mashine ya kujaza vitu vidogo-vidogo. Huo haukuwa uongo, ila haukuwa mbali nao.

Baruti sheria haikumruhusu kuwa nayo, na hata ingemruhusu asingeitaka. Alijaribia kwa semolina, ile ambayo Mama alitupikia bugali, yaani ugali wetu. Alichota kikombe leo, kikombe kesho, hadi Mama akasimama katikati ya jiko na mfuko mkononi.

“Ni nani eko anakulaka semoule yangu mubichi?”

Macho yote yalimwendea mdogo wangu Patrick, wa miaka mitano, kwa sababu Patrick hakukosa kitu mdomoni. Alilia, akaapa, akanyimwa soda wiki nzima. Baba alikuwa amekaa pale pale, akichunguza kucha zake.

Dhamiri ilinila. Basi, kanisani kwetu, kwenye ukumbi tuliokodi kule Ladywood, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi watoto walisimama kutoa ushuhuda. Unamshukuru Mungu, unasema alichokutendea, watu wanapiga vigelegele, unakaa. Niliona hapo ndipo pa kumwokoa Patrick bila kumkosea mtu. Nilivuta soksi juu, nikashika kipaza sauti.

“Bwana asifiwe! Namushukuru Mungu juu ya Baba yangu. Anatengeneza machine ya bullets. And Patrick didn't steal the semolina. Ni Baba anaitiaka mu risasi.”

Nikangoja vigelegele. Hakuna aliyesema hata amina. Nusu ya ukumbi ule walikuwa watu waliokimbia kwao usiku na watoto mgongoni. Mpiga kinanda aliingiza wimbo haraka-haraka, lakini Mama alishachukua mkoba wake na kutoka.

Tulimkuta kituo cha basi. Tulipofika nyumbani hakuingia ndani, alipita moja kwa moja hadi kibandani, na Baba akamfuata. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikilia, nikiwaona kupitia mlango wa kibanda ulioachwa wazi. Nilikuwa na hakika kwamba Mama atamfukuza Baba, na kwamba mimi ndiye niliyemfukuzisha.

“Tulikimbia risasi,” nilimsikia Mama akisema, taratibu. Afadhali angepiga kelele. “Batoto ku mugongo, tukaikimbia. Na weye unaileta mu nyumba yangu?”

Baba alikifungua kile kifaa kwenye mashine, akakiweka kando. Akajaza semolina, akavuta mkono wa mashine mara mbili bila kuzungusha sahani. Nafaka zikafurika kwenye ganda, zikamwagika mezani.

“Mutu akisahabu kuzungusha, baruti inaingia mara mbili,” alisema. “Bunduki inamupasukia mu mikono.”

Akakirudisha kifaa mahali pake. Akavuta. Tak. Ganda lililojaa likasogea, tupu likaja. Akavuta tena. Tak.

Hapo, jambo ambalo sikulitegemea kabisa, Mama alimsukuma Baba kwa kiwiko akaushika mkono ule yeye mwenyewe. Alivuta bila kupumzika, hadi semolina ikaisha.

“Na springi ikikatika?” aliuliza.

Baba alikuna kichwa.

“Basi hakuna kitu itatoka humu kama sijaijaribu. Na semoule utajinunulia yako.”

Tangu siku hiyo kila kifaa kilipita mikononi mwa Mama. Alivuta mara mia moja, akihesabu kwa sauti, na sahani ikikwama hata mara moja, Baba alikereza upya. Nilipoteza cheo changu cha ukaguzi. Vilivyofaulu alivishonea vifuko kutoka mabaki ya vitenge, na ndivyo vyuma vya Baba vilivyosafiri kwa posta hadi kwa wazee wa Kiingereza, vimevaa kama wanaharusi. Bwana Ken alikataa cha kwake kifunguliwe uzi na mtu mwingine yeyote. Nasi tulisema Mama kazoea. Miaka ishirini nimesimulia hivyo kwa watu, nikicheka, kwamba mashine ilimlainisha mama yangu.

Kifurushi cha mwezi uliopita kilitoka kwa binti yake Bwana Ken. Mzee amefariki kitandani kwake, kwa utulivu, na binti akaona ni vyema kifaa kirudi kwa waliokitengeneza. Nilipokuwa nakichezea kile kifuko niligundua kwamba chini kina kitambaa cha pili, na kati ya vitambaa kuna kitu kigumu. Nikafumua. Kilikuwa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, kwa mwandiko wa Mama: “Mungu, huyu mutu arudie kwake na mikono yake yote mbili.”

Ukutani kwetu kuna picha ya mjomba wangu Safari, kaka aliyemlea Mama. Amesimama mbele ya duka, mkono wa kuume mfukoni. Utotoni nilidhani ni maringo. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba bunduki kuukuu aliyopewa alinde mtaa ilimpasukia, na kwamba mfukoni mle hamkuwa na mkono. Hata hivyo sikuwahi kuiunganisha picha ile na kibanda, hadi nilipoishika karatasi. Mama hakuzoea risasi, wala hakuisamehe hata moja. Nampenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kumwambia.

Nilimsomea Baba kwa sauti, maana mashine zimemmaliza masikio. Aliniomba nirudie. Kisha akamtazama mkewe kama mtu aliyeletewa mgeni.

“Uliweka mu kila kifuko?” akauliza.

“Kila moja.”

“Lakini Mama,” nikasema, “wale wazee hawajui Kiswahili.”

Mama alininyang'anya karatasi, akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akatunga uzi kwenye sindano.

“Njo bale bazee nilikuwa naandikia?” akasema, akaanza kukishona kifuko upya.