Hamida na Picha ya Saa Tisa

Asubuhi nimeshika simu nimpigie Hamida, nimpe habari za msiba. Msiba wenyewe ni wake. Jamani!

Wengi mnamjua kama Bi Hamida wa vitenge, Kariakoo. Mimi nimemjua tangu enzi za Ujamaa, tukiwa wasichana wa kiwanda cha nguo, shift moja, mashine jirani.

Supervisor akigeuka tu, Hamida anamwiga mwendo. Overtime ilikuwa inaisha bila sisi kujua.

Siku hizo dada yake, Mwanahawa, alikuwa ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili. Alishapona, ila mtaa ulimwogopa. Akipita, mazungumzo yanakatika. Mwisho akajifungia chumbani, hata uani hatoki.

Aliyeumia roho zaidi ni Hamida. Jumapili moja akasema, "Dada, vaa. Tunaenda senema, picha ya saa tisa."

Bango lilikuwa na kisu na jicho, tukajua ni picha ya kutisha. Ukumbi kimya! Muuaji anapanda ngazi, anapanda, ngazi haziishi, mwisho anakaa, anavua viatu, anajikanda miguu.

Hamida akaangua kicheko.

"Ndugu, mtu anataka kuuawa, unacheka?" mzee mmoja akafoka nyuma yetu.

"Shikamoo mzee! Hii ni picha ya vichekesho, wanazitania picha za kutisha!"

"Marahaba. Nyamaza!"

Mara akatokea daktari wa akili. Anamlaza mgonjwa kwenye kochi, anamuuliza habari za utotoni, kisha anasinzia yeye, anakoroma. Mgonjwa anavaa koti jeupe la daktari, anamwita mgonjwa mwenzake aingie.

Tumemleta dada aone haya? Nikataka tutoke, Hamida akanishika mkono.

Dada akasema kwa sauti, "Wa kwangu naye alikuwa anasinzia hivihivi!"

Yule mzee ndiye aliyeanza kucheka. Ukumbi mzima ukafuata. Walicheka naye, hawakumcheka. Hamida alilia kwenye khanga yangu.

Kesho yake dada alikaa barazani akiwasimulia majirani picha nzima, kama ilivyokuwa desturi kwa aliyetoka senema. Waliokuwa wakimkwepa wakasogeza mikeka.

Baadaye Hamida aliacha kiwanda, wakawa wanauza vitenge meza moja, yeye na dada yake. Nilimpenda Hamida kwa mengi, lakini kwa hili nilimheshimu.

Jana msibani dada alinishika mkono. "Sasa nitatoka na nani?"

Shoga yangu, nimemwambia atatoka na mimi. Wewe pumzika. Lala unono, Hamida.